Kati ya Jiki na fundi: simu ya Kyebando isafishwe vipi?

Kyebando, katika tarafa ya Kawempe jijini Kampala, imepakana na kilima cha Mulago, ilipo hospitali kubwa ya rufaa ya taifa. Kwa ujirani huo, habari za magonjwa ya mlipuko hufika mapema mtaani, na wakati mwingine hufika pamoja na ugonjwa wenyewe. Tarehe 30 Januari 2025 Uganda ilipotangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan, mgonjwa wa kwanza aliyethibitishwa alikuwa muuguzi wa Mulago. Kabla ya hapo kulikuwa na Korona kuanzia Machi 2020, Ebola iliyoanzia Mubende Septemba 2022, na mpox mwaka 2024. Kila ugonjwa ulikuja na maelekezo yake ya usafi, na maelekezo ya zamani hayakufutwa. Yamerundikana tu.

Matokeo yake ni mkanganyiko kuhusu kifaa ambacho watu hukishika kuliko kingine chochote. Ukiuliza simu isafishwe vipi, utapata majibu manne. La kwanza ni kuipangusa kwa Jiki, dawa ya klorini ya dukani, kwa kuwa hospitalini kila kitu hupanguswa kwa klorini. La pili ni la kiwanda, kwamba klorini isiikaribie simu kabisa. La tatu ni la fundi, anayetaja spiriti, na wakati mwingine petroli. La nne husema simu iachwe, kinachohitaji kuoshwa ni mikono. Yote manne yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba kila jibu lilizaliwa mahali maalumu, kwa hatari maalumu, kisha likasambazwa kana kwamba linafaa kila mahali. Uchambuzi huu unalirudisha kila jibu mahali pake, kisha unapima lipi limfae nani.

Kazi mbili zinazochanganywa

Kusafisha ni kuondoa uchafu: vumbi, jasho, mafuta ya ngozi, makombo ya chakula. Kuua vijidudu ni kuharibu bakteria na virusi vilivyobaki. Kazi ya pili haifanyiki vizuri kabla ya ile ya kwanza. Klorini hutumika na kuisha inapokutana na uchafu, hivyo kwenye kifaa chenye utando wa mafuta nguvu yake huishia juu juu. Hata kileo hakipenyi vizuri palipoganda uchafu. Mtu anayemwaga dawa kali juu ya simu chafu hupata madhara yote ya dawa hiyo na sehemu tu ya faida yake.

Kazi hizi mbili hazigharimu sawa. Kitambaa laini chenye unyevu mdogo na tone la sabuni huondoa sehemu kubwa ya uchafu, na vijidudu vingi hutoka nao, bila kukiumiza kifaa. Dawa ya kuua vijidudu, iwe ipi, hula kitu fulani kwenye kifaa kila inapotumika. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama leo kuna sababu ya kuua vijidudu au inatosha kusafisha. Swali la dawa ipi ni kali zaidi huja baadaye, kama litakuja.

Hatari iko wapi hasa?

Watu wengi wamesikia kwamba simu ni chafu kuliko choo. Madai hayo yalienezwa na Charles Gerba, mtaalamu wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Arizona nchini Marekani, aliyesema simu inaweza kubeba bakteria mara 10 zaidi ya kiti cha choo. Kama hesabu ya bakteria, dai hilo linaeleweka, kwa kuwa choo husuguliwa mara kwa mara na simu haisuguliwi. Ila wingi wa bakteria haulingani na ukubwa wa hatari. Wengi wa bakteria hao ni wa ngozi ya mwenye simu mwenyewe, na hawamdhuru.

Utafiti wenye maana zaidi kwa Kyebando ni ule uliotolewa Oktoba 2011 na Shule ya Usafi na Tiba ya Kitropiki ya London pamoja na Chuo Kikuu cha Queen Mary. Uligundua kwamba takriban simu moja kati ya sita nchini Uingereza ilikuwa na E. koli, bakteria wanaotoka kwenye kinyesi. Hapo tunapata njia ya maambukizi: choo, mkono, simu, mkono tena, mdomo. Katika mtaa ambao vyoo vya shimo hutumiwa na kaya kadhaa, maji hununuliwa kwa jerikeni, na mfereji wa Nsooba hufurika mvua ikizidi, njia hiyo ni pana kuliko London. Mtu huosha mikono akitoka chooni, kisha hushika simu aliyokuwa nayo humo humo ndani. Uoshaji wote umepotea bure.

Hatari ya pili ni ya nadra lakini nzito. Julai 2012 mlipuko wa Ebola ulitangazwa wilayani Kibaale, magharibi mwa Uganda. Mwezi uliofuata magazeti yaliripoti kwamba mtu mmoja aliingia kwenye wodi ya kutengwa ya hospitali ya Kagadi, akaiba simu ya mgonjwa, kisha akaugua yeye mwenyewe. Wizi ndio uliokifanya kisa hicho kivume, lakini funzo lake ni jingine. Kifaa kilicholoa majimaji ya mwili wa mgonjwa wa Ebola kinaweza kuubeba ugonjwa, kama nguo na shuka zake. Simu ya mtu ambaye hakukaribia mgonjwa yeyote haina uzito huo.

Msimamo wa kwanza: dawa ya moto ni moto

Wanaotetea Jiki wana mantiki ya hospitali. Katika vituo vya Ebola, mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.5 hutumika kwenye vitu na sakafu, na wa asilimia 0.05 uliwahi kutumika sana kwa mikono. Jiki ya asilimia 3.5 hufikia kiwango cha kwanza kwa kuchanganya sehemu moja ya dawa na sita za maji. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba klorini ni rahisi, inapatikana dukani popote, na inaua karibu kila kitu, vikiwemo virusi vya kuharisha ambavyo kileo hushindwa kuviua.

Udhaifu wake ni mwingi kwenye elektroniki. Klorini hula chuma, na sehemu laini kabisa za simu, kama pini za tundu la chaji na nyavu za spika, ni za metali. Ikikauka huacha chumvi nyeupe inayovuta unyevu hewani, na ulaji huendelea siku baada ya siku. Raba zinazozuia maji hukakamaa. Halafu kuna suala la vipimo. Hospitalini kuna mtu wa kupima na mchanganyiko huandaliwa upya kila siku kwa sababu hupoteza nguvu, ilhali nyumbani hupimwa kwa kifuniko na kukaa kwenye chupa wiki nzima. Kuna pia hatari kwa mtumiaji, maana Jiki ikichanganywa na siki au na dawa yenye amonia hutoa gesi yenye sumu.

Wahudumu wa Ebola wenyewe waliliona tatizo hili. Wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, karatasi hazikuruhusiwa kutoka eneo la wagonjwa, na taarifa zilisomwa kwa sauti kupitia uzio. Médecins Sans Frontières wakishirikiana na wataalamu wa Google walitengeneza tableti maalumu, iliyofungwa ndani ya ganda gumu la plastiki ili iweze kuchovywa kwenye klorini ya asilimia 0.5. Ikiwa mahali penye hatari kubwa kuliko zote ilibidi kifaa kivikwe ganda kwanza, basi simu ya kawaida ya mtaani haikuumbwa kwa dawa hiyo.

Msimamo wa pili: kiwanda kimesema

Kwa miaka mingi watengenezaji walikataza dawa za kuua vijidudu karibu zote. Korona iliwalazimisha kulegeza. Machi 2020 Apple ilibadili maelekezo yake na kuruhusu vitambaa vyenye kileo cha isopropili cha asilimia 70 kwenye sehemu ngumu za nje, huku ikiendelea kukataza Jiki na kuzamisha kifaa kwenye dawa. Samsung nayo ilikubali kileo cha kiwango kama hicho, kinyunyizwe kwenye kitambaa na si kwenye simu.

Sababu ya tahadhari yao ni ya kweli. Kioo cha simu kina utando mwembamba sana unaozuia mafuta ya vidole kushika. Kusugua huumaliza polepole, na kemikali kali huharakisha. Utando ukiisha, kioo hushika alama za vidole haraka, na mwenye simu huanza kukisugua zaidi.

Lakini maelekezo ya kiwanda yameandikwa kwa ajili ya simu mpya, yenye dhamana, ambayo haijawahi kufunguliwa. Simu nyingi za Kyebando ni Tecno, Itel au Infinix zilizobadilishwa kioo au betri, na gundi ya awali haipo tena. Hata simu zilizouzwa kwa sifa ya kustahimili maji zilipimwa kwa maji safi zikiwa mpya. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kileo, sabuni, au simu iliyowahi kufunguliwa kwa hewa ya moto. Upande wa pili, simu nyingi mtaani zina kioo cha ziada cha kinga na kava. Hapo hofu ya utando hupungua, kwani kinachosuguliwa ni kioo cha kinga kinachobadilishwa kwa fedha kidogo. Kwa hiyo maelekezo ya kiwanda ni makali kupita kiasi upande mmoja na ni mepesi mno upande mwingine.

Msimamo wa tatu: fundi anajua

Fundi wa simu, awe kwenye meza ya kando ya barabara Kyebando au kwenye vibanda vya Mutaasa Kafeero katikati ya jiji, ana elimu ambayo kiwanda hakina: ameona simu zilivyokufa. Anajua kwamba vumbi jekundu la barabara zisizo na lami huziba tundu la chaji, na kwamba unyevu ukiwa ndani wakati umeme unapita ndipo bodi huoza. Ndiyo maana jambo lake la kwanza ni kuzima simu na kuondoa chaji. Hilo ni ushauri bora kuliko aina yoyote ya dawa.

Kosa hutokea mteja anapoiga dawa ya fundi. Petroli na thina huondoa mafuta kwenye bodi iliyofunguliwa, lakini kwenye ganda la plastiki hulainisha rangi, huleta nyufa na kufifisha kioo, mbali na hatari ya moto karibu na jiko la mkaa. Spiriti ya dukani nayo si ya aina moja. Ile ya rangi ya zambarau huwa kali sana na hukauka kabla haijafanya kazi. Baadhi ya spiriti za hospitali huwa na mafuta yanayoacha utando. Na wanaopangusia waragi wajue kwamba kinywaji hicho, chenye kileo cha karibu asilimia 40, hakifiki kiwango cha kuua vijidudu kwa uhakika.

Kwa nini asilimia 70 ishinde ile iliyo karibu na 100? Kileo huua kwa kuvuruga protini za kijidudu, na kazi hiyo inahitaji maji. Kileo kisicho na maji hukausha sehemu ya nje na kuyeyuka upesi. Kilichochanganywa na maji kiasi hupenya na kubaki muda wa kutosha, yaani nusu dakika hadi dakika moja kioo kikiwa bado na unyevu. Anayepangusa na kukausha papo hapo amesafisha tu.

Msimamo wa nne: osha mikono, acha simu

Msimamo huu ulipata nguvu kutokana na yaliyotokea wakati wa Korona. Mwanzoni mwa 2020 tafiti za maabara zilionyesha kwamba virusi vinaweza kudumu kwenye plastiki hadi siku 3. Oktoba mwaka huo wanasayansi wa CSIRO nchini Australia walitangaza kwamba kwenye kioo, gizani na katika nyuzijoto 20, virusi viliweza kudumu siku 28. Hofu ikapanda. Hata hivyo, Julai 2020 Emanuel Goldman, mtaalamu wa vijidudu nchini Marekani, alikuwa ameshaandika katika jarida la Lancet Infectious Diseases kwamba hatari ya nyuso za vitu imetiwa chumvi, kwa sababu maabara ilitumia virusi vingi kuliko vinavyopatikana katika maisha ya kawaida. Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilikubali kwamba uwezekano wa kuambukizwa Korona kwa kugusa kitu kwa kawaida ni chini ya mara 1 kati ya 10,000.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inalinda pesa na muda visipotee kwenye maigizo ya usafi. Udhaifu wake ni kwamba ilijengwa juu ya ugonjwa unaosafiri kwa hewa. Kipindupindu, ambacho kimewahi kuingia Kampala, na magonjwa mengine ya kuharisha hayasafiri hivyo, na mpox inaweza kupitia vitu alivyoshika mwenye vidonda. Kusema "simu haiambukizi" kwa sababu ya Korona ni kulihamisha jibu kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine, kosa lilelile la wanaoihamisha Jiki kutoka wodini hadi sebuleni.

Nje ya majibu hayo manne, kuna pia taa za urujuanimno zinazouzwa kama visanduku vya kuwekea simu. Taa halisi za aina hiyo huua vijidudu panapofikiwa na mwanga, lakini haziondoi uchafu, hazifiki kwenye sehemu zilizofunikwa na mianya, na hudhuru macho na ngozi. Nyingi za bei rahisi hutoa mwanga wa zambarau usio na nguvu hiyo. Kwa kaya ya kawaida hazihitajiki.

Kupima: nani afanye nini

Ukiyaweka majibu haya pamoja, tofauti zao hupungua pale unapouliza mambo mawili: kifaa kimepita wapi, na kikiharibika mwenyewe atapoteza nini. Swali la pili husahaulika. Kwa wakazi wengi wa Kyebando simu ni pochi, benki na daftari la biashara. Machi 2020, watu walipohimizwa kuacha noti na kutumia pesa za simu, hofu ya uchafu ilihama kutoka kwenye noti hadi kwenye simu, na thamani ya simu ikapanda. Anayeiharibu kwa dawa anapata hasara ya uhakika ili kuepuka hatari ambayo pengine haikuwapo.

Kwa mtu ambaye siku yake ilikuwa ya kawaida, kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha, simu ikiwa imezimwa na kava limetolewa. Kava la silikoni lioshwe kwa sabuni na likauke kabisa kabla ya kurudishwa, kwa kuwa uchafu mwingi hujificha chini yake. Tundu la chaji lichokolewe kwa kijiti kikavu cha mbao, kamwe si sindano. Kuacha simu nje ya choo ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote, na haigharimu shilingi.

Wakala wa pesa za simu, mwendesha bodaboda anayempa abiria simu aandike namba, na muuza duka wana hatari ya kati kwa sababu mikono mingi hupita. Kwao kileo cha asilimia 70 kwenye kitambaa, mara moja au mbili kwa siku, kina maana. Mwenye simu ya kitochi yenye vibonye asiminye kitambaa juu ya mianya, kwa kuwa maji hupita chini ya vibonye upesi.

Anayemuuguza mgonjwa nyumbani au kumtembelea Mulago afanye kama waliotengeneza ile tableti ya Ebola, kwa gharama ndogo: simu iingie kwenye mfuko wa plastiki wa wazi kabla ya kufika wodini. Kioo hufanya kazi kupitia plastiki, na mfuko hutupwa baadaye. Kama kuna kuharisha nyumbani, simu ipanguswe kwa kileo na mikono ioshwe kwa sabuni, kwani kuna virusi vya kuharisha ambavyo kileo hakivimalizi. Na kama kifaa kimeguswa na majimaji ya mtu anayeshukiwa kuwa na Ebola, hapo si suala la usafi wa nyumbani tena. Kisishikwe, na waitwe wahudumu wa afya. Ni hali hiyo tu inayohalalisha klorini, na hapo thamani ya simu haihesabiwi.

Kompyuta na vifaa vya pamoja

Kompyuta hubadilisha hesabu kidogo. Kwenye mpakato, vumbi huleta hasara kubwa kuliko vijidudu: feni ikiziba, mashine hupata joto na kuchakaa mapema. Blowa ya fundi husaidia, mradi feni ishikwe isizunguke, kwa kuwa ikizungushwa kwa kasi huweza kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Kioo cha mpakato wa kawaida ni laini na hakivumilii kileo kama kioo cha simu, hivyo kipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo tu. Kibodi za shuleni na kwenye vibanda vya intaneti, zinazoshikwa na watu wengi, ndizo zinazostahili kileo, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Lakini ndoo ya maji na sabuni mlangoni hufanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu humzuia anayeingia kuleta uchafu na humlinda anayetoka.

Muhtasari

Majibu manne yanayogongana yanatokana na hali nne tofauti. Klorini ni ya wodi ya Ebola, na hata huko vifaa huvikwa ganda kwanza. Maelekezo ya kiwanda yanafaa kwa kipimo cha kileo na kwa kanuni ya kulowesha kitambaa badala ya simu, ila hayaijui simu iliyokwisha kufunguliwa. Fundi asikilizwe anaposema zima kwanza, na asiigwe katika petroli. Wanaosisitiza mikono wako sahihi kwa siku nyingi za mwaka, isipokuwa pale ugonjwa unaposafiri kwa kinyesi au vidonda. Kwa mkazi wa Kyebando, utaratibu unaolinda afya na mfuko ni kusafisha mara kwa mara kwa njia laini, kuua vijidudu kwa kileo cha asilimia 70 panapokuwa na sababu inayotajika, na kuiachia dawa kali mikono iliyofunzwa kuitumia.